Houston au Dallas: Anayefuata Rap na Utamaduni wa Watu Weusi Ashukie Wapi?

Mpwa wangu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Morogoro, dakika nne nzima, karibu kwa pumzi moja. Anakuja Texas kwa miezi mitatu. Shangazi yake yuko Houston, rafiki yake wa shule yuko Dallas, na kila mmoja kamwambia kwamba mji wa mwenzake hauna kitu. "Mjomba, mimi sifuati maghorofa. Nataka rap, na nataka kuona watu weusi wa huko wanaishije na historia yao. Nishukie wapi?"

Swali hilo nimelisikia misibani, kwenye mahafali, hadi kwa kinyozi. Nimekaa miaka sita upande wa Dallas na huu ni mwaka wangu wa nne Houston. Faida ya kuhama ni kwamba sasa pande zote mbili zinaniona msaliti, na msaliti huwa ameona nyumba zote mbili kwa ndani.

Kwanza, kwa asiyeujua ugomvi wenyewe. Miji hii inaunganishwa na barabara moja, I-45, yenye kama kilomita 385. Ni mwendo wa saa tatu na nusu hadi nne, usiposimama Madisonville kununua vitafunwa. Houston ina watu zaidi ya milioni 2.3 kwa sensa ya 2020. Dallas ina milioni 1.3, ingawa ukiijumlisha na Fort Worth, Arlington na vitongoji vyote inaizidi Houston na majirani zake. Kote kuwili, karibu mtu mmoja kati ya wanne ni mweusi. Babu zao walilimishwa pamba ileile chini ya sheria zilezile za Texas, na wajukuu wanacheka utani uleule. Ndiyo maana wanabishana. Anayekumbuka TMK Wanaume Family wa Temeke na East Coast Team wa Upanga ataelewa: hakuna anayegombana na mgeni wa mbali, watu hugombana na jirani anayefanana nao.

Nitapima kwa mambo matano. Historia unayoweza kuiona kwa macho. Sauti ya rap yenyewe. Mahali muziki unapoishi nje ya simu yako: magari, viwanja, vyuo, kumbi. Kanisa na chakula. Mwisho, hali ya mgeni anayezungumza Kiswahili, na jinsi ya kufika kote huko. Sipimi umaarufu. Tukipima umaarufu, Beyoncé wa Houston anamaliza mechi kabla ya filimbi, na mpwa wangu hatakuwa amejifunza lolote.

Historia: iliyo juu ya ardhi na iliyofukiwa

Houston ya zamani iligawanywa kwa kata sita, na majina ya kata hizo yamebaki vinywani hadi leo: Third Ward, Fourth Ward, Fifth Ward. Wachanaji wanazitaja kama sisi tunavyotaja Manzese au Dandora.

Mgeni huwa namwanzishia Third Ward, pale Emancipation Park. Tarehe 19 Juni 1865, Jenerali Gordon Granger alitangaza Galveston, kama kilomita 80 kutoka hapo, kwamba watumwa wote wa Texas wako huru. Rais Lincoln alikuwa ameshatangaza miaka miwili na nusu kabla. Siku hiyo ndiyo Juneteenth. Mwaka 1872 waliokuwa watumwa, mchungaji Jack Yates akiwa miongoni mwa viongozi wao, walichanga dola zisizozidi elfu moja wakanunua ekari 10 ili wawe na mahali pao pa kuisherehekea. Hebu hesabu: hawa ni watu waliokuwa na miaka saba tu ya kumiliki hata mikono yao. Bustani ipo, ina bwawa la kuogelea, na watoto wanapiga kelele ndani yake bila kujua lolote kuhusu Granger. Napenda hivyo.

Hatua chache kutoka hapo kuna Texas Southern University (TSU). Serikali ya jimbo ilikipandisha hadhi chuo hicho mwaka 1947 kwa sababu isiyo ya heshima. Heman Sweatt, mweusi wa Houston, alikuwa ameomba kusoma sheria katika chuo kikuu cha Austin, na wakubwa waliona afadhali wajenge shule nyingine kuliko kumpa kiti. Sweatt alishinda Mahakama ya Juu mwaka 1950. Kile chuo cha kumzuia nacho kikakua, kikamtoa Barbara Jordan, binti wa Fifth Ward. Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kutoka majimbo ya Kusini kuingia Bunge la Marekani. Miaka mingi baadaye, Desemba 2021, Megan Thee Stallion alivaa joho hapo hapo.

Kuna na jina moja linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Mickey Leland, aliyerithi kiti cha Jordan bungeni, alikuwa mpiganaji mkubwa dhidi ya njaa. Agosti 1989 ndege aliyopanda ilianguka Ethiopia, akiwa njiani kwenda kwenye kambi ya wakimbizi. Jengo la wasafiri wa kimataifa katika uwanja mkubwa wa ndege wa Houston limepewa jina lake. Mpwa wangu akishukia huko, mtu wa kwanza kumpokea atakuwa marehemu aliyefia upande wetu wa dunia.

Dallas ni habari nyingine. Ukizunguka siku moja bila mwenyeji, utaapa kwamba watu weusi hawakuwahi kuwa na chochote pale. Ukweli ni kwamba kilikuwepo, kikafunikwa. Kaskazini ya katikati ya mji palikuwa na makazi makubwa ya walioachwa huru. Leo mahali hapo panaitwa Uptown na panauza kahawa ya bei ya kutisha. Miaka ya 1940 barabara kuu ya Central Expressway ilipitishwa juu ya sehemu ya makaburi yao. Miaka ya 1990, ilipotakiwa kupanuliwa, wataalamu wa akiolojia walifukua makaburi zaidi ya 1,100 na kuwazika wale watu upya. Pembeni ya barabara ya Lemmon kuna mnara wa kumbukumbu wenye sanamu. Magari yanavuma mita chache tu kutoka hapo. Nimesimama pale mara nyingi, na sijawahi kukuta watu zaidi ya watatu.

Mtaa wa Deep Ellum ndiko Blind Lemon Jefferson alikopiga gitaa la blues kabla na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akiwa kipofu na kopo la sarafu mbele yake. Nao ulikatwa na barabara ya juu. Tenth Street, kijiji cha walioachwa huru huko Oak Cliff, kilipasuliwa na barabara kuu ya I-35E, na nyumba zilizobaki zinavunjwa moja moja. Fair Park, uwanja wa maonesho wa jimbo, zamani watu weusi walitengewa siku yao moja tu ya kufurahi kikamilifu. Mwaka 1955 vijana wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, wakiongozwa na Juanita Craft waliigomea siku hiyo. Leo ndani ya uwanja huohuo kuna African American Museum, na baadhi ya vitu vilivyofukuliwa kwenye yale makaburi vinaoneshwa humo.

Kwa hiyo tofauti si nani ana historia zaidi. Houston unaikuta njiani ukienda kununua maji. Dallas inabidi uulize, tena uulize wazee. Houston nayo si malaika: Freedmen's Town, makazi ya walioachwa huru ya Fourth Ward, imebomolewa karibu yote, na vipande vya barabara za matofali zilizopangwa na wakazi wenyewe vimezingirwa na maghorofa. Na Juneteenth yenyewe haina mwenyewe mmoja. Mbunge aliyeifanya sikukuu ya Texas kuanzia 1980, Al Edwards, alitoka Houston. Lakini bibi aliyetembea kwa miguu kuidai iwe ya taifa zima, Opal Lee, ni wa Fort Worth, jirani na Dallas. Ikawa ya taifa mwaka 2021, naye akiwa na miaka 94.

Sauti: wa kukaa na wa kusimama

Hapa ndipo watu hukosana.

Rap ya Houston ilianza kusikika mbali kwa ukali wa Geto Boys wa Fifth Ward, chini ya lebo ya Rap-A-Lot ya James Prince, kijana aliyekuwa akiuza magari ya mtumba. Walipowika mwaka 1991 hawakuimba ubabe. Waliimba hofu: mtu mzima asiyelala usiku, anayeona vivuli. Kwa wakati ule rap ya kukiri woga ilikuwa jambo geni.

Lakini roho ya Houston ni DJ Screw. Jina lake Robert Earl Davis Jr., aliyezaliwa 1971. Alikuwa akichukua nakala mbili za santuri moja, moja inapigwa nyuma kidogo ya nyingine. Anakatakata maneno yajirudie, kisha anarekodi yote kwenye kaseti na kuvuta kasi chini mpaka sauti ya mchanaji inakuwa nzito kama ya mtu anayezungumza kutoka kisimani. Alifanyia kazi hiyo nyumbani, upande wa kusini wa mji. Jioni magari yalipanga foleni nje kusubiri kanda za kijivu. Marafiki zake, Screwed Up Click, walichana mitindo huru humo. Kuna moja ya mwaka 1996, iliyorekodiwa kwa ajili ya sherehe ya kuzaliwa ya rafiki, inayopita dakika 35, na tarehe yake, 27 Juni, Houston huiadhimisha hadi leo. George Floyd, kabla dunia haijamjua kwa kifo chake, alikuwa kijana wa Third Ward aliyechana kwenye kanda hizo.

Kijana wa Kariakoo anayesikiliza nyimbo "slowed" mtandaoni usiku anakunywa maji ya kisima hicho bila kujua kimechimbwa wapi. Kwa sikio langu mimi mtu wa Tanga, Screw ana undugu na taarabu ya zamani. Haina haraka, inataka ukae, na neno moja linaweza kurudiwa mpaka libadilike maana. Jirani yangu mmoja hapa Houston aliwahi kuuchukua wimbo wa zamani wa Juma Nature kutoka kwenye simu yangu, akauvuta hivyo, akanirudishia. Sikuuzoea upya kwa wiki nzima.

Kuna upande wa giza, na sitaufichia mpwa wangu. Muziki huo ulikua pamoja na unywaji wa dawa ya kikohozi yenye kodeini iliyochanganywa na soda. Screw alikufa Novemba 2000 akiwa na miaka 29, kwa kuzidisha dozi. Pimp C wa UGK, kundi la Port Arthur ambalo Houston imelilea kama mtoto wake, alifuata Desemba 2007 na dawa ileile ikiwa mwilini. Ukisikia mistari inayosifia kikombe, kumbuka na makaburi.

Baada ya Screw, upande wa kaskazini uliokuwa hasimu wa kusini ulijibu na lebo ya Swishahouse. Mwaka 2005 Mike Jones, Slim Thug na Paul Wall walilipeleka jina la mji kila redio Marekani, Jones akitaja namba yake halisi ya simu ndani ya nyimbo. Mwaka uliofuata Chamillionaire akashika namba moja ya chati ya nchi. Sasa kuna Travis Scott na Megan, ambao hawafanani hata kidogo, lakini wote wakipewa nafasi humtaja Screw.

Dallas ilipoteza mtoto wake wa kwanza mapema. The D.O.C. aliondoka kwenda Los Angeles, akawaandikia kundi la rap la N.W.A, akatoa albamu yake mwaka 1989. Miezi michache baadaye ajali ya gari iliharibu koo lake. Aliendelea kuwaandikia wengine mistari ambayo yeye hakuweza tena kuichana. Nikiulizwa hadithi ya Dallas kwa mtu mmoja, nampa huyo: kipaji kipo, jina linakwenda kwa mwingine.

Miaka ya mwanzo ya 2000 mitaa ya kusini ilijaa kanda mseto za Dirty South Rydaz, kundi la Big Tuck: sauti nzito, biti za kupasua kioo. Kisha, kati ya 2007 na 2010, likaja wimbi lililoibeba Dallas miguuni. Waliliita boogie. Biti nyepesi, mistari michache, na kila wimbo na mtindo wake wa kucheza. Lil Wil alileta Dougie, mtindo uliopewa jina kwa heshima ya mchanaji Doug E. Fresh wa New York, na watoto wa sekondari wakausambaza. Mwaka 2010 kundi la Inglewood, California, lilitoa wimbo wa kufundisha Dougie, ukawa mkubwa kuliko wa Dallas. Mwaka 2011 Michelle Obama alicheza mtindo huo na wanafunzi mbele ya kamera. Waulize watu duniani Dougie ni ya wapi, wengi watasema California. Mtu wa Oak Cliff akisikia hivyo anakunja uso kama mtu aliyeibiwa mbuzi akaalikwa kwenye supu yake.

Wakubwa wa rap waliidharau boogie kama wakubwa wa Bongo Flava walivyoidharau singeli ilipokuwa bado ya vigodoro vya Manzese na Tandale: "huo si muziki, ni kelele za watoto." Mimi sikubaliani nao. Kufanya mji mzima ucheze hatua moja ni kazi, na haifanywi na mtu asiyejua biti.

Dallas ya sasa ina kiti kizito. BigXthaPlug, kijana wa 1998, ana sauti ya chini kabisa, anachana juu ya sampuli za soul, na mwaka 2025 aliingia kwenye muziki wa country bila kuvua utambulisho wake. Mo3, ambaye mitaa ilimpenda kwa kuimba maumivu karibu kama gospeli, aliuawa kwa risasi kwenye I-35E Novemba 2020, akiwa na miaka 28. Halafu yuko Erykah Badu. Si mchanaji, lakini ukiuliza nani ni mlinzi wa muziki wa watu weusi wa Dallas, jibu ni yeye. Hakuhama. Kila mwishoni mwa Februari anafanya onesho la kuzaliwa kwake nyumbani, na mji unajipanga.

Ukitaka kuamua haraka: sikiliza kanda moja ya Screw usiku ukiwa umekaa, kisha nyimbo tano za boogie mchana ukiwa umesimama. Mwili utakwambia.

Muziki unapoishi

Houston unaishi kwenye gari. Jumapili jioni nenda barabara ya Martin Luther King upande wa kusini-mashariki, uone slab: Cadillac au Buick ya zamani, rangi inayong'aa kama pipi iliyolambwa, magurudumu yenye rimu zilizochomoza nje kama mikuki, buti limefunguliwa na ndani kuna maandishi ya taa. Zinakwenda polepole makusudi. Usipige picha ya gari la mtu bila kumsalimu. Ukisalimia, atakufungulia buti mwenyewe. Chuo Kikuu cha Houston kimehifadhi santuri za Screw katika maktaba yake, na duka la kanda zake bado lipo upande wa kusini. Februari na Machi kuna wapanda farasi. Prairie View Trail Riders, msafara wa weusi ulioanza 1957, huingia mjini kwa farasi na magari ya kukokotwa kuelekea kwenye rodeo, mashindano ya wapanda farasi na ng'ombe, na muziki wao ni zydeco ya kodiani kutoka Louisiana. Mara ya kwanza kuona kijana wa kofia pana akicheza zydeco mchana na kuwasha Screw usiku, nilidhani ni watu wawili.

Dallas unaishi kwenye sakafu na viwanjani. Kila msimu wa maonesho ya jimbo, vyuo vya weusi vya Prairie View na Grambling hukutana uwanja wa Cotton Bowl. Wengi hawaendi kwa ajili ya mpira wa Kimarekani bali kwa mapumziko, bendi za matarumbeta zinapopigana. Fair Park pia ina rodeo ya weusi inayoandaliwa na jumba lile la makumbusho. The Black Academy of Arts and Letters, iliyoanzishwa 1977, imepitisha waigizaji na waimbaji wengi. Sekondari ya sanaa ya Booker T. Washington ilimtoa Badu na mpiga tarumbeta Roy Hargrove. Kumbi za blues na southern soul za kusini ya mji zina wateja wa miaka 60 waliovaa suti kamili na viatu vya rangi ya suti. Mgeni anayekuja kwa rap pekee atazikosa, na atakuwa amekosa mama wa muziki wote alioufuata.

Jambo dogo la kufurahisha: redio kubwa ya rap Houston iko masafa ya 97.9. Ya Dallas pia ni 97.9. Ukiendesha I-45, katikati ya njia moja inakatikakatika na nyingine inaingia, na kuna sehemu yanasikika makelele tu. Hapo ndipo mpaka ulipo, haijalishi ramani inasemaje.

Kanisa na sahani

Kwa kanisa, Dallas ndiyo mtakayoijua kabla ya kufika. The Potter's House, aliloanzisha T.D. Jakes mwaka 1996, mahubiri yake yanachezwa hadi kwenye daladala. Kirk Franklin naye ni wa Fort Worth. Houston ina Wheeler Avenue Baptist ya Third Ward, iliyoanzishwa 1962 na mchungaji Bill Lawson. Haina jina kubwa nje, lakini ndani ya mtaa ina uzito wa aina yake, maana ilikuwa kitovu cha harakati za haki.

Chakula: Houston imeolewa na Louisiana. Wakrioli, watu wa Louisiana wenye asili mchanganyiko, walihamia Fifth Ward baada ya mafuriko ya 1927, na watu wa New Orleans wakaja kwa maelfu baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005. Utakula gumbo, mchuzi mzito wenye jina linalotokana na neno la Kibantu la bamia, na kamba kochi wadogo wa maji baridi waliochemshwa na pilipili. Dallas ni nyama ya kuokwa kwa moshi na kuku wa kukaanga. Foleni ya Rudy's Chicken kusini ya mji ni mkutano wa kijiji. Kwa chakula mimi ni wa Houston. Kuku wa Dallas nawakumbuka nikiwa na njaa tu, lakini nawakumbuka sana.

Mswahili akifika

Miji yote miwili ina Waswahili wa kutosha. Dallas utawakuta Wakongo na Warundi Vickery Meadow, mtaa wa wakimbizi wa kila bara, na wengine wengi Fort Worth. Wakenya wametapakaa vitongoji vyote. Houston, kusini-magharibi ni Wakongo pia, ila Waafrika wanaosikika zaidi ni Wanaijeria, na jina "Mwafrika" lina maana ya Lagos mpaka uthibitishe vinginevyo.

Nisemalo hapa ni gumu kidogo. Waafrika wageni wengi hukaa Texas miaka kumi bila kuingia nyumba ya Mmarekani Mweusi hata moja. Tunasema wao hawapendi shule, wao wanasema sisi tunajidai. Nilipofika, kinyozi mmoja wa Oak Cliff aliniuliza kwetu tunasikiliza nini. Nikampigia Kalamashaka wa Dandora. Hakuelewa neno, lakini alizima mashine, akasikiliza mpaka mwisho, akasema mtu huyu ana hasira za kwetu. Tangu siku hiyo nilikuwa na kinyozi na mwalimu wa historia kwa bei moja. Kwa uzoefu wangu Dallas huchelewa kufungua mlango, na ikiufungua unaingia hadi jikoni. Houston mlango uko wazi, ila sebuleni kuna watu wengi na unaweza kukaa mwaka bila mtu kukuuliza jina.

Usafiri: bila gari utateseka kote. Hata hivyo Dallas ina treni ya Orange Line kutoka uwanja wa ndege wa DFW hadi katikati ya mji, na Green Line inasimama Deep Ellum na Fair Park. Houston haina treni ya kutoka uwanja wake mkubwa, ila Purple Line inakushusha Third Ward na jirani na TSU. Hali ya hewa: Houston ni joto la Pwani, nguo hazikauki, na msimu wa vimbunga ni wa kweli. Dallas ni kukavu, na baridi ya Januari inaweza kuleta barafu barabarani.

Kwa hali yako

Una siku tatu tu na huna mwenyeji: Houston. Third Ward kwa miguu asubuhi, maktaba ya chuo mchana, slab Jumapili jioni. Mji utajieleza wenyewe.

Una miezi mitatu na kuna mtu wa kukushika mkono: Dallas inalipa uvumilivu. Anza makumbusho ya Fair Park, kisha mnara wa makaburi, kisha ukumbi wa blues, halafu ndipo usikilize rap. Utaisikia tofauti.

Wewe ni prodyuza au DJ: Houston, kwa sababu ya Screw na santuri zake. Wewe ni mchezaji au mwalimu wa dansi: Dallas, bila kufikiri mara mbili. Ukiwa mwandishi wa mistari, sikiliza Geto Boys, kisha D.O.C., na uhamie popote penye kodi nafuu.

Unatafuta chuo cha weusi: TSU ni kikubwa, cha umma, na kina shule ya sheria. Paul Quinn ya Dallas ni ndogo, na mwaka 2010 iligeuza uwanja wake wa mpira kuwa shamba la mboga. Wapo wanafunzi wanaokua vizuri kwenye kelele na wapo wanaokua vizuri kwenye shamba.

Unakuja Juni: Houston na Galveston kwa ajili ya tarehe 19, na ukibaki hadi 27 utaelewa kwa nini magari yanapiga honi. Unakuja Februari: Dallas kwa Badu, halafu teremka Houston uwakute wapanda farasi. Septemba mwishoni au Oktoba: Dallas, kwa matarumbeta.

Huna mpango wa kupanda ndege kabisa, uko Morogoro na bando la wiki: fanya lile jaribio la kukaa na kusimama.

Na mpwa wangu? Nimemwambia ashukie Houston kwa shangazi, maana shangazi ana kitanda, na mwezi wa pili apande basi la I-45. Akipita Madisonville redio ikianza kukatikakatika, anipigie.